Zamu ya Nyamizi Juu ya Kichuguu

Paukwa!
Pakawa!

Mbona mnaitika nusu nusu? Anayesinzia na afinywe. Hadithi hii ni ya kukaa macho.

Hapo zamani za kale palikuwa na ukoo wa nguchiro. Waliishi ndani ya kichuguu. Desturi yao ilikuwa hii: wengine wakichimba wadudu, mmoja hupanda juu akalinda. Akiona hatari hulia chii, na wote hutumbukia shimoni.

Nyamizi alikuwa mlinzi mbaya, nawaambia kweli. Macho yake angani, mawazo yake kwa panzi aliyemla jana. Siku moja akiwaza hivyo hivyo, pu! Mwewe akatua. Akamnyanyua mtoto wa dada yake Kabula, akaenda naye. Nyamizi hata chii hakusema.

Kabula hakulia mbele yake. Aliuambia ukoo Nyamizi apewe zamu moja tu, siku ya saba. Akikosea tena, aondoke. Na nguchiro wa peke yake, jamani, hamalizi wiki porini.

Basi Nyamizi akaenda, akaenda, akaenda, mpaka bwawani. Akamkuta Korongo amesimama kwa mguu mmoja, kimya, tangu asubuhi. Wanyama wote walimsifu kwa kutuliza akili. Nyamizi akamweleza shida yake. Korongo akamwambia achague kitu kimoja, asikiache. Akachagua pumzi. Inaingia, inatoka. Akili ikitoroka, irudishe. Ikitoroka, irudishe.

Siku ya kwanza ilitoroka mara mia. Siku ya tatu, mara kumi. Siku ya tano akazama. Zii. Pumzi ipo, Nyamizi hayupo. Alipozinduka jua lilikuwa linatua, mwili mwepesi, moyo mtamu ajabu.

"Umefika," alisema Korongo. "Huko ndiko kutulia. Kitu kimoja kinabaki, wewe unatoweka."

Sasa, kwenye matete hapo karibu aliishi Buibui, mzee, amekaa katikati ya utando wake. Akamuuliza Nyamizi alisikia nini huko alikokuwa.

"Sikusikia kitu, bibi."

"Hata vyura?"

"Hata vyura."

"Basi ulilala macho wazi. Mimi nimekaa mahali pamoja, siondoki, lakini miguu yangu iko kwenye nyuzi zote. Uzi ukitikisika, najua. Huko ndiko kutulia."

Korongo akakasirika. Alisema anayesikia kila kitu bado yuko njiani, hajafika. Buibui akasema anayetoweka hawezi kulinda hata mkia wake. Wakabishana mpaka giza likaingia, huyu akimwita yule mwongo. Nyamizi yuko katikati. Siku zimebaki mbili. Amfuate nani?

Siku ya saba akapanda kichuguu. Chini Kabula alikuwa anachimba na mtoto wake aliyebaki. Kila mara alinyanyua kichwa kutazama anga. Hakumtazama Nyamizi.

Inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka. Ule utamu ukaanza kumwita. Njoo. Njoo. Sauti za wenzake zikafifia, moja baada ya nyingine. Nyamizi akaogopa sana. Akaishika pumzi, lakini akakataa kutoweka. Akakaa pale mlangoni pa ule utamu, haingii, haondoki. Ndipo akaanza kusikia. Kucha zinachimba, kwaru kwaru. Panzi wanalia, chri chri chri. Kisha upande wa kichakani, panzi wakanyamaza.

Wanyamaze kwa nini?

"Chii!"

Tumbu, tumbu, tumbu, wote shimoni. Mtoto wa Kabula akabaki nje, miguu imemgomea. Na kwenye majani akainuka nyoka Swila, shingo ameitanua.

Nyamizi akaruka chini. Sasa kwake palikuwa na kitu kimoja tu: kichwa cha Swila. Swila akatema sumu, fyu, ikaingia jicho la kushoto. Nyamizi hakujua. Kabula akapiga mayowe shimoni. Nyamizi hakusikia. Woga ulikuja ukakosa wa kumshika, maana mwenyewe hayupo. Kichwa kikaja, kikarudi. Kikaja, kikarudi. Kikaja. Kwa! Akakidaka.

Swila alikufa, Nyamizi bado amemuuma. Wakamwita mara tatu, hakusikia. Mwishowe Kabula akamgusa bega.

"Mwachie, mdogo wangu. Amekwisha."

Habari ikafika bwawani. Korongo akasema ushindi ni wa mafundisho yake. Buibui akasema ni wa yake. Wakatuma wajumbe wamuulize Nyamizi nani alisema kweli.

"Juu nilihitaji kusikia," alisema Nyamizi. "Chini nilihitaji kutoweka. Ningegeuza, mtoto angekufa."

Jicho lile halikufunguka tena. Hata hivyo akapanda kichuguu, maana jua lilikuwa bado juu. Kabula akamsihi apumzike, akakataa. Basi Kabula akamleta mwanawe chini ya kichuguu, akainamisha kichwa, akaendelea kuchimba. Hakutazama anga hata mara moja.

Watoto, nanyi wakubwa, shikeni hili: kuzamisha akili ni kuzuri, na kuiweka macho ni kuzuri. Kosa ni kushika kimoja ukaapa kwamba cha mwenzako ni uongo, bila kutazama kazi iliyo mbele yako inataka kipi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie.