Kiti cha Kumuagia Fundi

"Ombi la Kubadilishiwa Kiti Kimoja cha Kufanyia Kazi, Idara ya Gauni za Harusi." Wapendwa, msihangaike kufungua vitabu vyenu, maneno hayo hayamo humo. Yalikuwa kwenye ajenda ya karakana moja ya ushonaji, na yalikaa hapo muda mrefu hata wajumbe wakayazoea, kama sisi tulivyoizoea ile taa ya mlango wa kanisa letu isiyowaka.

Palikuwa na mama mmoja mwenye karakana hiyo. Jina simtaji, maana naona wengine mmeshaanza kutazamana. Karakana ilikuwa na cherehani chache na vyeo vingi. Yeye alikuwa Mama Mkurugenzi, mpwa wake alikuwa Katibu, na hata chumba cha kunywea chai kilikuwa na msimamizi wake. Lakini wateja hawakuvifuata vyeo. Walimfuata fundi mmoja, mwanamke, aliyeshona gauni za harusi. Bibi harusi akiingia kwenye gauni la mkono ule, alitembea kama mtu asiyedaiwa na yeyote duniani. Maharusi wakifika mlangoni hawakuanza na bei. Waliuliza, "Yule dada yupo?"

Dada huyo alikalia stuli. Stuli ya mbao, haina mgongo, na mguu mmoja mfupi umewekewa kipande cha boksi. Kushona shanga kwenye gauni ni kazi ya kuinama kutwa, na jioni alikuwa akisimama kwa awamu. Akaenda kwa Mama Mkurugenzi.

"Mama, naomba kiti chenye mgongo."

"Kwani mshahara haukutoshi?"

"Mshahara sijautaja, Mama. Nimesema kiti."

"Sasa fundi wangu, nikikupa wewe, wengine je? Kesho mpiga pasi naye atataka kiti."

"Mpiga pasi anasimama, Mama."

"Ndiyo maana nasema kuna utaratibu."

Basi utaratibu ukaanza. Katibu akasema kwanza iundwe kamati ya kutathmini viti. Kamati ikaitishwa, akidi haikutimia. Mara kiti kikasubiri bajeti, mara bajeti ikamsubiri Mama Mkurugenzi, ambaye alikuwa semina. Na mnajua semina ilihusu nini? Namna ya kuvutia na kudumisha wafanyakazi wenye ujuzi! Akarudi na fulana kwa kila mtu, zimeandikwa kifuani: MFANYAKAZI NI HAZINA. Fundi akavaa yake, akarudi kwenye stuli.

Hazina mnaikalisha kwenye stuli ya mguu mbovu? Nauliza tu.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo mshonaji mwingine, mzee mmoja asiye na kamati hata moja. Siku moja akamwona fundi amesimama nje, anajinyoosha kiuno. Akamwambia, "Binti, ukija kwangu mshahara ni huohuo unaopata huko, zaidi sina. Ila niambie, unahitaji nini ili ufanye kazi vizuri?"

"Kiti chenye mgongo, mzee."

"Hapa sinacho. Wiki hii nitamwona seremala."

Basi. Hiyo ndiyo semina yote ya yule mzee. Fundi akarudi ndani, akaaga kazi.

Hapo ndipo mngeiona karakana! Kamati ya Maandalizi ya Hafla ya Kumuaga Mtumishi Bora iliundwa asubuhi, ikatimiza akidi kabla ya chai, na fedha zikapatikana bila mtu kuuliza zinatoka fungu gani. Wajumbe wakaulizana zawadi iwe nini. Kila aliyeulizwa alijibu neno lilelile. Kwa hiyo siku ya hafla, baada ya pilau na soda, vigelegele vikapigwa, kiti kikaingizwa kimebebwa na watu wawili. Kipya, kimefungwa utepe, mto laini, mgongo mrefu. Fundi akaketi. Akaegemea. Akafumba macho.

Mama Mkurugenzi akasimama kuhutubia. Akasema mambo mazuri ambayo fundi hakuwahi kuyasikia humo ndani, na katikati ya hotuba akaacha kusoma, maana ndipo alipoelewa ni nani anayeondoka. Msimu wa harusi ulikuwa umefika, oda zimejaa, na mkono mwingine kama ule hakuwa nao. Akaiweka hotuba mezani.

"Mwanangu, usiende. Kiti si hiki hapa? Kipeleke kwenye cherehani yako, yaishe."

Fundi akafumbua macho. Nawaambia, alikuwa tayari kubaki, kwa sababu ujuzi wake aliupatia humo na marafiki zake walikuwa humo. Akauliza jambo moja tu: "Nikibaki, Mama, kiti ni changu?"

Mama Mkurugenzi akamtazama Katibu. Katibu akakohoa.

"Kwa utaratibu, zawadi ni ya anayeondoka. Asipoondoka, kiti kitaingia stoo, na ombi lake litaendelea kuanzia pale lilipofikia."

Naam, chekeni. Lakini tazameni nafasi aliyokuwa nayo yule mama. Fedha zimeshatoka, kiti kipo, mtu ameshakikalia. Ilibaki aseme tu, "Ni chako." Akasema nini?

"Basi, hilo tulizungumze Jumatatu."

Tumcheke? Tusiharakishe. Sisi tuliomo humu tuna maduka, tuna zahanati, tuna shule na mashamba. Na wote kwa pamoja tuna mpiga kinanda wetu, aliyeomba kinanda kitengenezwe tangu sauti zilizokufa hazijafika tatu, ilipokuwa imekufa moja tu. Sisi ni hodari wa kuaga! Kwa anayeondoka tunakodi turubai, tunapika, tunalia. Anayebaki tunamwambia kuna utaratibu. Halafu tunashangaa kwa nini wenye mikono mizuri hawakai kwetu, wakati vyote tunavyowapa tunawapa wakiwa wameshafika mlangoni.

Mimi nimeamua, na nataka nanyi muamue kabla ya wimbo wa mwisho. Kesho asubuhi nenda kwa yule ambaye akiondoka, kazi yako imekwisha. Usimpe fulana. Usimwite hazina. Muulize anahitaji nini ili afanye kazi vizuri, nyamaza mpaka amalize, kisha mpe akiwa bado yuko kwako. Nawe mzee wetu wa vifaa, naona umeinamisha kichwa, lakini hii si sala. Kinanda kitengenezwe wiki hii, na kamati isiundwe.

Na yule fundi? Alijitwika kiti kichwani, na utepe wake, akavuka nacho barabara. Yule mzee hakulazimika tena kwenda kwa seremala. Jumatatu maharusi walifika karakana, wakauliza kama yule dada yupo, wakaonyeshwa ng'ambo.