Alama Zilizozidi

Dokta Mbwilo, mhadhiri wa hisabati aliyejivunia kufelisha kuliko kufundisha, alikuwa na sheria yake: anayedai alama anakatwa kumi. Mwanafunzi wake mmoja, Sikudhani, alirudishiwa mtihani wenye alama thelathini na nane. Kufaulu kulianzia arobaini, na aliyefeli alirudia mwaka.

Akaenda mbele ya darasa, kichwa chini.

“Umekuja kulia?” Dokta akamcheka.

“Hapana, Dokta. Dhamiri inanisuta. Nadhani umenizidishia alama.”

“Mimi? Nizidishe?” Akampokonya karatasi. “Sikilizeni, wajinga wenzake! Huyu tunamkata hadharani.”

Akajumlisha kwa sauti, swali kwa swali, kidole kikigonga kila alama aliyoitoa mwenyewe. “Kumi na tano. Ishirini na saba. Thelathini na sita. Arobaini na...”

Sauti ikamfia. Darasa zima likamalizia: “Nane!”

“Kumbe ulikuja kudai!” akafoka. “Nakukata kumi, unarudi palepale kwenye thelathini na nane!”

“Anayedai ndiye anayekatwa, Dokta, na darasa zima limenisikia,” akasema Sikudhani kwa adabu, akimpa kalamu. “Mimi nilikuja kurudisha.”