Mhitaji wa Mwalimu Shekivuli

Anayekijua kisa hiki asinikatize. Mbonea, mkia wa darasa na bingwa wa kujisifu, alipewa pamoja na wenzake kazi ya nyumbani ya somo la dini: "Msaidie mhitaji mmoja. Asiyefanya harudi darasani."

Mwalimu Shekivuli, aliyeitoa kazi hiyo, alikuwa na kawaida yake: aliyemlimia shamba lake la maharage alipata maksi zote. Wenzake wakalima. Mbonea akalala, maana yeye na jembe hawakuwahi kupatana.

Jumatatu akaingia ofisi ya walimu na kinamama wa jumuiya ya kanisa, kiroba cha unga kichwani mwa mmoja.

"Pole, mwalimu," wakasema. "Mbonea katuambia una shida."

"Nani kasema mimi mhitaji?" Mwalimu akafoka, walimu wenzake wakiziba midomo wasicheke.

"Shikamoo, mwalimu," Mbonea akasema kwa adabu zote. "Kwani waliokulimia walimsaidia nani?"

Darasa zima lilikuwa dirishani, masikio wazi. Mwalimu akaandika maksi zote upesi.

"Umefaulu! Ondoa unga wako!"

Mbonea akatoka kifua mbele. Mama mmoja akamshika shati.

"Sadaka hairudi nyumbani, baba. Jitwike, umpelekee bibi Nyange, mhitaji wa kweli, kule mlimani."

Akapanda mlima, shingo ikididimia, akijisifu njia nzima kwamba kazi ya nyumbani hajaifanya.