Vyungu vya Bi Nguchiro

Jamani, nina hadithi.

— Tupe tuisikie.

Nayo ina Fisi ndani yake.

— Mtoe, tumwone.

Basi hapo kale, zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, palikuwa na bonde lililopigwa na ukame. Ukame wa kwanza ulikausha majani. Wa pili ukamaliza mizizi. Wa tatu ukafukuza karibu wadudu wote. Wanyama wadogo wa bonde lile, kina panya buku, kina kanga, kina sungura na kina nguchiro, wakabaki hawana kitu.

Aliyekuwa na kitu ni Fisi. Ghala lake lilijaa mtama mpaka kwenye paa. Kila asubuhi aliwapanga wanyama langoni pake, akampa kila mmoja kikombe kimoja cha pumba. Kabla ya kupewa, walimchotea maji kwenye kisima cha mbali na kumfagilia uwanja. Na kabla ya kuondoka, walimwimbia:

Baba Fisi, Baba Fisi,
bila wewe tungekufa.

Imbeni nanyi kidogo, msikie wimbo huo unavyokwama kooni.

Sasa, alikuwapo Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu. Asubuhi moja mwanawe wa mwisho aliamka na homa, naye akakaa akimkanda maji mpaka jua likapanda. Alipofika langoni, wenzake walikuwa wanamaliza kuimba. Akaeleza kilichomchelewesha. Fisi akasema hana neno, ila kwa kuwa amechelewa, aimbe peke yake mara tatu, wenzake wakimsikiliza.

Bi Nguchiro akaimba mara ya kwanza. Akaimba mara ya pili. Mara ya tatu akafunga mdomo, akakiweka kikombe chini.

"Sitaki," akasema.

"Na watoto wako watakula nini?" Fisi akamwuliza.

"Sijui. Lakini hilo sasa ni langu, si lako."

Akaenda zake mikono mitupu. Alijua alichokiacha.

Akashuka mpaka mtoni, ambapo palibaki tope tu. Hapo akamkuta Fundi Nyigu, yule mdudu mwenye kiuno chembamba anayejenga nyumba ya udongo. Alikuwa anabeba tope donge kwa donge, analifinyanga linakuwa kijungu kidogo chenye shingo. Bi Nguchiro akamwomba chakula.

Nyigu akamjibu bila kugeuka: "Chakula sina. Kazi ninayo. Ukitaka kujifunza, kaa chini."

Akakaa.

Chungu chake cha kwanza kikaporomoka, kwa kuwa udongo ulikuwa majimaji. Nyigu akasema, "Tena." Cha pili kikapasuka, kwa kuwa alikianika juani badala ya kivulini. "Tena." Cha tatu alikitia motoni kabla hakijakauka sawasawa, kikalipuka. Bi Nguchiro akalia. Nyigu akamwacha alie, na alipomaliza akamwambia, "Tena."

Siku zote hizo jirani yake Bi Nguchiro, Panya Buku, alikuwa akiwamegea wale watoto pumba zake mwenyewe, kwa siri, maana Fisi angejua angemfukuza langoni.

Chungu cha nne kilitoka motoni chekundu. Bi Nguchiro akakigonga kwa ukucha. Kikalia vizuri.

Nyuma ya kilima waliishi Nyani, wenye mtama mwingi lakini hawana vyombo vya kuwekea maji. Bi Nguchiro akawapelekea chungu, wakapatana kwamba bei yake ni ujazo wake. Nyani wakakijaza mtama mpaka mdomoni, wakaumimina kwenye kapu lake, wakabaki na chungu. Siku hiyo watoto walikula ugali, na Panya Buku akaitwa aje kula nao.

Habari zikamfikia Fisi. Kwanza akaja na maneno matamu: Bi Nguchiro amfinyangie yeye tu, naye atampa vikombe viwili vya pumba kila siku. Bi Nguchiro akakataa. Mara ya pili Fisi akaja na hasira, akakanyaga vyungu kumi na viwili vilivyokwisha kuchomwa. Wanyama wakasema sasa mwenzetu amekwisha. Lakini Bi Nguchiro akaviokota vigae vyote, akavitwanga vikawa unga, akauchanganya na udongo mpya, kama Nyigu alivyomfundisha. Vyungu vilivyofuata vikawa vigumu kuliko vya kwanza.

Mara ya tatu Fisi akatangaza langoni: atakayeshika udongo asije tena kuchukua pumba.

Bi Nguchiro akapita kwa jirani mmoja mmoja. Aliwaambia mtama wake wataula pamoja mpaka wajue kazi. Kanga akasema anaogopa. Sungura akasema mikono yake haifai kwa ufundi. Panya Buku akasema, "Mimi nimechoka kuimba," akachukua jembe akashuka mtoni. Siku iliyofuata Kanga naye akaja na binti zake, wamebeba nyasi za kuchomea. Sungura akaja wa mwisho.

Fisi alicheka tu, akasema njaa itawarudisha. Mwezi mzima lango lake likakaa tupu. Ndipo aliposhuka mtoni, akawakuta wanyama wote ukingoni, tope mpaka viwikoni, na vyungu vimepangwa nyuma yao. Akasema atavunja kila kimoja.

Bi Nguchiro akasimama mbele yake. Kichwa chake hakikufika hata kwenye goti la Fisi.

"Vunja," akamwambia. "Ulipovunja vyangu nilikuwa peke yangu. Leo tunaoijua kazi hii ni arobaini. Utavunja, na sisi tutatwanga vigae tufinyange upya. Tuone atakayechoka kwanza."

Fisi akainua mguu. Akamtazama Panya Buku, akamtazama Kanga, akamtazama Sungura. Hakuna aliyeinamisha macho. Akaushusha mguu taratibu, akarudi kwake.

Akiba yake ya maji ikaisha, asipate wa kumchotea mengine. Kiu ilipomzidi, akaja na kapu la mtama, akasimama kwenye foleni nyuma ya Sungura, akapewa chungu kwa ujazo wake, kama mnunuzi mwingine yeyote. Akaenda kisimani kuchota mwenyewe. Kwa kuwa hakuwahi kubeba kitu kichwani, chungu kilimponyoka njiani kikavunjika, maji yakamwagika mavumbini.

Panya Buku akauliza kama wamsaidie.

"Akitaka kufundishwa, aje aseme mwenyewe," Bi Nguchiro akajibu, akarudi kwenye udongo, ambako wanafunzi sita wapya walikuwa wanamngoja.

Ndugu zangu, anayekulisha kila siku na hapendi ujue kazi, anachopenda ni wewe kubaki mlangoni pake. Na ukiipata kazi usiifiche. Mgawie jirani, maana fundi mmoja huvunjwa, mafundi arobaini hawavunjiki.

Hadithi yangu nimeishusha hapa.

— Nasi tumeipokea.