Obedi na Mlango Uliohamishwa

"Akaaye sana pembeni hukuta mlango umehamishwa." Asubuhi wakati wa chai Atupele kamrushia Yeriko maneno hayo, mkacheka wote, kisha mmekuja kuniuliza eti ni msemo wa Wabena au wa Wakinga, wa zamani za mababu. Mababu gani! Mababu zenu walikuwa na kompyuta? Msemo huu umezaliwa humu humu, katika ofisi hii ya Njombe, na mimi nilikuwepo. Tena nina mkono wangu ndani yake, na si mkono wa kujivunia. Vuteni viti. Yeriko, weka simu chini, wewe ndiye mwenye shauri hili.

Methali hii ilianza hivi.

Miaka kumi na minne iliyopita tulikuwa watu saba. Programu tuliyokuwa tukiitengeneza ni hii hii ya kliniki za mama na mtoto: mtoto kazaliwa lini, kapata chanjo gani, arudi lini. Kama leo, kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kazi. Ili usivuruge programu ambayo wauguzi wanaitumia, unachukua nakala yake na kuifanyia kazi pembeni. Nakala hiyo tuliita tawi, na ile programu yenyewe tuliita shina.

Desturi yetu ilikuwa moja, haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja anarudisha shinani alichofanya wiki ile, hata kiwe kidogo, hata iwe mistari kumi ya programu. Papo hapo anachukua vya wenzake. Kazi yako na yangu zikigongana, tunakaa wawili tunapatanisha, na nusu saa haiishi tumemaliza. Baada ya hapo inaletwa sufuria ya viazi na maharage, tunakula meza moja. Asiyerudisha kitu hakunyimwa chakula, ila alitaniwa mpaka akakoma.

Miongoni mwetu alikuwepo Obedi Tweve, kijana wa Makete, mpole, fundi hasa. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na dada yake, Enesia. Dada huyo alikuwa muuguzi katika zahanati moja huko milimani ambako simu ya kuongea hushika, lakini mtandao wa intaneti haufiki. Ili kutuma taarifa yoyote, Enesia alipanda kilima nyuma ya zahanati, akasimama juu ya jiwe na simu mkononi, mvua imnyeshee, upepo umpige. Programu yetu wakati huo bila mtandao ilikuwa bure kabisa. Basi Obedi akamwambia dada yake: "Nitakutengenezea ya kufanya kazi bila mtandao. Juni ya mwaka ujao, zahanati za milimani zitakapoanza kuitumia, hutapanda tena kile kilima."

Alikuja kwa bosi wetu, Msigwa, akaomba aachwe pembeni miezi mitatu. Kazi yenyewe ilikuwa kubwa, ya kugusa kila kona, na aliogopa akiirudisha vipande vipande atawaharibia wauguzi. Msigwa akakubali. Obedi akaomba pia chumba kile cha mwisho cha korido, kilichokuwa stoo, maana sisi tulikuwa na kelele. Kutoka meza yangu hadi mlango wake ni hatua kumi na mbili. Nilikuja kuzihesabu baadaye.

Wiki za kwanza alikuwa akija Ijumaa kula nasi. Hakuwa na cha kurudisha, lakini alikuja. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Ijumaa moja kaingia, nami nikainuka, nikamvutia kiti kwa madaha, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Karibu, mgeni! Na wewe mwenzetu, jina lako nani?"

Watu walicheka mpaka kijiko kikaanguka. Obedi naye alicheka. Akala, akanawa, akashukuru. Ijumaa iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja, wala hakuna aliyemuuliza. Tulisema ana kazi nyingi.

Miezi mitatu ikawa sita. Sita ikawa tisa. Tulimwona asubuhi akipita na sweta lake la kijivu, "Habari za asubuhi," "Nzuri," mlango unafungwa. Jioni anapita tena. Grupu letu la simu alilizima sauti, maana lilikuwa halina simile. Na sisi huku shina lilikuwa linakua. Mwezi wa saba wauguzi walitulalamikia juu ya namba za kadi za kliniki. Kadi zinalowa, zinapotea, mtoto mmoja ana kadi mbili. Programu nzima ilikuwa inamtambua mtoto kwa namba hiyo. Nikapewa kazi ya kuiondoa, na badala yake mtoto atafutwe kwa jina la mama, kitongoji na siku aliyozaliwa. Nilifanya wiki tano, nikarudisha Ijumaa, nikapigiwa makofi. Tukaandika kwenye grupu. Kwenda hatua kumi na mbili kumwambia mwenzangu, hilo sikulifanya.

Ikafika Machi. Ijumaa moja Obedi akatokea, kanyoa, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, kompyuta kifuani. Akasema, "Nimemaliza." Jamani, tulifurahi! Msigwa mwenyewe ndiye aliyebonyeza ili tawi liungane na shina.

Mashine ikafikiri weee, kisha ikaanza kuorodhesha migongano ya kazi yake na yetu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Ilipotulia ilikuwa elfu moja na mia mbili na ushei.

Obedi akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Namba ya kadi iko wapi?"

"Iliondolewa," Msigwa akasema.

"Lini?"

"Mwezi wa nane."

"Nani kaiondoa?"

"Mimi," nikasema.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Dada Leonia, kazi yangu yote imesimama juu ya namba ile. Simu ikiwa haina mtandao inatunza taarifa za mtoto kwa namba ya kadi. Mbona hukuniambia?"

"Tulitangaza Ijumaa, Obedi. Tena tuliandika kwenye grupu."

"Ijumaa sikuwepo."

"Ndiyo. Hukuwepo."

Viazi vilikuja vikapoa mezani.

Tulijaribu. Mimi na yeye tulikaa wiki mbili katika chumba kile cha mwisho, tukipatanisha mgongano mmoja baada ya mwingine. Ukitengeneza huku, kule kunabomoka. Wiki ya pili ilipokwisha Msigwa akaja na karatasi ya zahanati za kuanza Juni. Akasema kwa upole kwamba zisizo na mtandao itabidi zisubiri, na akazikata kwa mstari. Zahanati ya Enesia ilikuwa ya nne. Obedi aliutazama ule mstari, akaomba ruhusa ya siku tatu. Alisema habari kama ile hatampa dada yake kwa simu.

Haya mengine alitusimulia mwenyewe. Basi la Makete lilimshusha barabarani saa nne asubuhi, ukungu umetanda na manyunyu yanadondoka. Akapanda hadi zahanati, kichwa chini, akipanga maneno moyoni. Njia aliijua tangu zamani, hakuhitaji kuinua macho. Akafika, akanyoosha mkono kusukuma mlango, akakuta ukuta. Tofali tupu, zimepigwa chokaa. Alisimama pale akiupapasa ukuta, mpaka akasikia kina mama wanacheka upande wa pili wa nyumba.

Enesia akatokea kwenye kona, mtoto wa watu begani. "Obedi? Wewe unabisha hodi ukutani? Mlango tumeuhamishia huku, mdogo wangu. Ule wa zamani ulikuwa unaingiza upepo, watoto wanakohoa. Huu ni mwaka wa pili hujatukanyagia hapa."

Akajikuta anasema maneno yale yale aliyoniambia mimi: "Mbona hukuniambia, dada?"

"Nikuambie saa ngapi? Kila nikikupigia unasema niache, una kazi yangu. Kazi gani hiyo ya kwangu ambayo mwenyewe sijaulizwa hata siku moja?"

Waliingia ndani. Obedi akamweleza yote: chumba, mwaka mzima, namba ya kadi, ule mstari wa Msigwa. Enesia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi. "Tazama. Kadi zilituishia tangu Septemba ya mwaka juzi, na zilizopo zimelowa. Watoto wote hapa tunawaandika kwa jina la mama na kitongoji. Hata hiyo programu yako ingefika Juni, ningeandika namba gani?"

Obedi alilia, mbele ya kina mama na watoto wao. Alituambia hivyo bila kuficha. Hakulilia migongano elfu moja. Alilia kwa sababu kwa mwaka mzima alikuwa akijisemea chumbani mle kwamba yuko na dada yake, kumbe alikuwa peke yake kabisa. Enesia akampa kikombe cha uji, akamwambia anywe, kisha akaenda kuwachoma sindano watoto wa watu waliokuwa wakimsubiri.

Obedi alirudi Njombe Alhamisi. Ijumaa akaja mezani, kasimama nyuma ya kiti kile kile nilichomvutia siku ya utani. Msigwa akamuuliza safari ilikuwaje. Akajibu, "Akaaye sana pembeni hukuta mlango umehamishwa." Akatusimulia habari ya ukuta. Hakuna aliyecheka, hata mimi mwenye mdomo.

Kisha akaniomba tawi lake nilifute. Nililifuta mimi, miezi kumi na moja ya mtu, kwa kubonyeza mara mbili. Hakuna kilichosikika. Tuliokoa kipande kimoja tu, kile kinachotunza taarifa ndani ya simu mpaka mtandao upatikane, mistari isiyozidi sitini.

Nilimsaidia kuhamisha vitu vyake kuja huku kwenye meza kubwa. Katika kukusanya nikaishusha kalenda yake ukutani, nikaona Ijumaa nyingi zimezungushiwa kalamu nyekundu. Nikadhani ni siku za kazi muhimu. Nikamuuliza, "Hizi ni nini?"

Akasema, "Hizo ni siku nilizofika mpaka mlangoni kwenu, nikawasikia mnakula, nikarudi."

Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Mara kumi na tisa mtu amesimama nyuma ya mlango huu, mimi niko ndani natia chumvi kwenye maharage. Nilimwomba radhi palepale, akasema yamekwisha, na kwake nadhani yalikwisha kweli. Kwangu mimi, mpaka leo mtu akichelewa kuja mezani Ijumaa, chakula hakinipiti vizuri.

Aliianza kazi upya, kidogo kidogo. Ijumaa mistari thelathini, Ijumaa nyingine minane, Ijumaa nyingine kosa moja tu kalirekebisha. Kila wiki alimpigia Enesia kumuuliza jambo, na dada yule alikuwa na maneno, acheni tu! Juni ile zahanati ya milimani haikuanza. Enesia alipanda kilima chake masika mengine mazima na kipupwe chake. Juni ya mwaka wa pili ndipo alipoacha kupanda. Obedi aliipeleka mwenyewe, na safari hiyo alimpigia simu kabla ya kushuka kwenye basi, akamuuliza aingilie wapi.

Sasa hayupo hapa, alihamia Mbeya. Ila msemo wake ulibaki, na mnautumia vibaya. Mnaushika kama fimbo ya kumchapia aliye pembeni. Atupele, usiangalie chini, nakuambia wewe. Mlango hauhamishwi na aliye nje. Tuliouhamisha ni sisi tuliokuwa ndani, na tulikuwa tunajua kuna mwenzetu hajaingia.

Yeriko, hilo tawi lako lina muda gani?

"Miezi miwili na wiki moja, mama."

Na leo ni siku gani?

"Ijumaa."

Una nini cha kurudisha?

"Mistari kama ishirini tu iliyo tayari. Mingine bado, naona aibu."

Ilete hiyo ishirini. Atupele, nenda naye mkabebe kiti chake, mkirudi mkae wawili mpatanishe, na ukishamaliza umweleze yote tuliyobadilisha tangu alipoondoka mezani. Yote, usiache hata moja. Viazi vinaweza kungoja. Akaaye sana pembeni hukuta mlango umehamishwa.