Mzee Winchi na Mlinzi wa Lango

Gogo halimalizwi kwa hasira. Anayetaka kulimaliza hubandua kipande leo na kipande kesho, mpaka siku moja anageuka na kukuta palipokuwa na gogo pamebaki vumbi la mbao. Ndiyo maana wahenga walitwambia kwamba bandu bandu huisha gogo, yaani kazi kubwa, hata iwe ya kutisha namna gani, humalizwa na yule anayeipunguza kidogo kidogo bila kuchoka. Wahenga hao hawakujua runinga wala gemu. Hata hivyo neno lao lilimfuata mzee mmoja hadi sebuleni kwake, likamkuta ameshika pedi ya gemu kwa mikono miwili, likamnyoosha barabara.

Mzee huyo watu walimwita Mzee Winchi. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha ndani ya kibanda cha kioo juu ya winchi, akiinua vyuma na zege na kuvishusha mahali pake. Kule juu, mara nyingi hakuuona hata mzigo wenyewe. Aliendesha kwa kusikiliza sauti ya mpiga ishara aliyesimama chini na redio mdomoni: shusha, shusha, kidogo, simama. Wenzake walisema angeweza kutua tani tano juu ya yai na yai lisipate ufa. Kisha presha ya macho ikamwingia. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba sehemu ya jicho iliyokwisha kufa hairudi, dawa zitachelewesha tu, na ipo siku, pengine mwakani, pengine kabla, giza litafunga kabisa. Mzee akashuka kwenye winchi na hakupanda tena.

Nyumbani alikaa kama mzigo uliosahaulika bandarini. Mkewe akimsemesha, anajibu "mm". Binti yao, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, hakuvumilia kumwona baba yake akishika tama kutwa nzima. Akamletea mashine ya gemu aliyouziwa na mteja wake, akaiunganisha na runinga, akamfundisha vitufe kimoja baada ya kingine. Mzee aliguna kwamba hayo ni mambo ya watoto. Baada ya wiki, mkewe ndiye aliyekuwa akiguna, maana tamthilia yake haikupata tena nafasi.

Gemu lenyewe lilikuwa la falme za kale, majoka, wachawi na mapanga. Mtu huanza humo akiwa si chochote si lolote, na kisu kibutu kiunoni. Kila ashindapo vita hupewa pointi, na hizo pointi ndizo zinazomjenga. Wenye busara huzigawa: nyingine kwenye mbio, nyingine kwenye uchawi, nyingine kwenye uhai ili wasife upesi. Mzee Winchi alizimwaga zote kwenye nguvu. Hakubakiza hata moja.

"Baba, weka na kwenye uhai basi," binti alimwambia. "Ukiguswa tu unakufa."

"Mwanangu, nimekula umri wangu nikishusha vitu polepole," mzee alimjibu. "Humu ndani nataka kugonga."

Na akagonga. Alisaka nyundo iliyochongwa kwa jino la joka, silaha nzito ambayo wachezaji wengine huitazama na kuipita. Akavaa pete ya kuzidisha pigo, akavaa glavu za kuizidishia ile pete, akajifunga mkanda wa laana unaomnyima mtu nusu ya uhai na kumlipa kwa nguvu. Kila kimoja peke yake kilikuwa kitu cha kawaida. Vilipokutana mwilini mwa mtu mmoja, vilizaa maajabu. Nyundo ilipopanda, anga ya kwenye runinga ilitia macho kiwi. Iliposhuka, mlima ulitikisika, na namba ya pigo ikaandikwa hewani kwa tarakimu za moto, ndefu hata ikatoka nje ya kioo. Joka lenye vichwa vitatu, ambalo vijana wa mtaa walilihangaikia mwezi mzima, lilikufa kabla halijamaliza kunguruma. Vijana hao walikuja kushuhudia, wakasimama mlangoni na viatu mkononi. Mmoja alimwamkia mzee mara mbili kwa kusahau kwamba alikwisha kumwamkia.

Mwisho wa ramani kulikuwa na lango, na nyuma ya lango kulikuwa na mji. Waliofika walisema hakuna kilichochorwa katika gemu lolote kikaukaribia uzuri wake, nao walikataa kusimulia zaidi ya hapo. Mzee Winchi aliposikia habari hizo, usingizi ulimpungua.

"Mama watoto," alimwambia mkewe asubuhi moja, "nimetazama mapaa ya majumba kwa miaka mingi kutoka juu. Huu mji mmoja nataka niuone kabla macho hayajafunga. Nikishauona, sitadai kingine."

Mkewe alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Tatizo lilikuwa Mlinzi. Mbele ya lango lilisimama jitu la jiwe jeusi, refu kama mnara, lisilokimbia wala kukwepa. Mzee alilikaribia kwa kujiamini, akainua nyundo, akaishusha. Mlima ukatikisika kama kawaida. Moshi ulipotawanyika, jitu lilikuwa limesimama palepale na mzee ndiye aliyelala chini, marehemu. Akarudi, akafa. Akaamua kwamba nyundo haijakolea, akaenda kuitafutia kito cha kuongeza uzito wa pigo, akarudi, akafa vilevile. Miezi ikapita. Nyundo ikazidi kutisha, na Mlinzi akazidi kusimama. Wakati huohuo mzee alianza kujigonga kwenye fremu za milango, na alipomiminiwa chai alikitafuta kikombe kwa kupapasa meza. Aliyaficha hayo kadiri alivyoweza.

Siku moja, binti alikuja asubuhi kuwasalimu. Mama yake alikuwa akikunja nguo, baba yake akifa mbele ya lango. Binti akaketi mkono wa kiti, akatazama. Mara akainama mbele.

"Baba, hebu piga tena."

Mzee akapiga tena, akafa tena.

"Umeiona hiyo namba iliyokuua?"

"Namba gani? Namba ni ile inayotoka kichwani kwa jitu."

"Siyo hiyo. Hii ya kwako, hapa pembeni, chini kushoto."

"Pembeni wapi?" mzee aliuliza, akigeuza kichwa chote kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Mama aliacha kukunja nguo. Binti naye akamgeukia baba yake. Walijua kwamba macho ya mzee yanapungua, lakini hawakujua kwamba yamebaki tundu. Kwa miezi yote hiyo alikuwa akiona katikati ya kioo tu, na kilichomuua kilikuwa kikiandikwa pembeni. Binti alitamani kulia, lakini akasema kwa sauti ya kawaida.

"Baba, hilo jitu halikupigi. Namba inayotoka kwako ni ileile inayotoka kwake. Linakurudishia pigo lako lilivyo."

Mzee aliiweka pedi magotini.

"Kwa hiyo nimekuwa nikijiua mwenyewe."

"Na kila ukijiua," mkewe alidakia, "unakwenda kuongeza nyundo ili kesho ufe vizuri zaidi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alijua kinachofuata, na hakukipenda. Nguvu kama yake haikuwa na pa kuwekwa mbele ya jitu lile. Alifungua begi la mtu wake wa ndani ya gemu akaanza kumvua: mkanda, glavu, pete. Nyundo aliiweka mwisho, na mkono wake ulichelewa kuiachia. Akashuka hadi chini kabisa ya begi, akatoa kile kisu kibutu anachoanza nacho kila mchezaji. Shingoni akamvisha kidani hafifu alichokiokota siku za mwanzo, kinachorudisha uhai tone kwa tone. Yule aliyetetemesha milima sasa alisimama mbele ya jitu akiwa na kisu cha kumenyea viazi.

Akachoma. Namba iliyotokea ilikuwa ndogo kiasi cha kuaibisha. Pembeni ikatokea nyingine kama hiyo, na kidani kikaiziba. Uhai wa Mlinzi, mstari mwekundu uliovuka kioo kizima, haukuonekana kupungua hata kidogo.

"Hapa tutazeeka," mzee alisema.

"Umeshazeeka," mkewe alimkumbusha. "Choma."

Lakini jitu nalo halikusimama bure. Mara kwa mara liliinua mkono kule nje ya lile tundu la macho ya mzee, na mkono huo ukishuka mtu ameisha. Mara mbili mzee alifyekwa hivyo, na mstari ukajaa upya. Hapo binti akasogeza kiti chake kikagusana na cha baba yake.

"Tuanze tena," alisema. "Wewe tazama kisu tu. Mimi nitakwambia mengine. Haya, choma. Choma. Mkono wa kulia unapanda, rudi. Kidogo. Simama. Umepita. Choma."

Mzee alinyoosha mgongo. Mabega yake yalishuka na vidole vyake vikalegea juu ya vitufe, kwa maana hii kazi aliijua. Aliwahi kupitisha boriti za chuma kati ya nyumba mbili bila kuziona, kwa sauti tu. Hakuuliza tena mkono uko wapi. Aliambiwa rudi, akarudi. Aliambiwa choma, akachoma.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Binti alipiga simu saluni kuwaambia wateja hayupo. Msusi yeyote anajua kichwa chenye nywele nyingi hakisukwi kwa kukitazama, unasuka msuko mmoja, halafu wa pili, na kwa hiyo yeye hakuutazama mstari mwekundu. Mama alileta mkate na chai, na mzee alipogoma kuachia pedi, akamlisha kama mtoto huku akimlaumu kwa sauti ya chini. Kufika mchana mstari ulikuwa umeliwa robo. Jua lilipohamia dirisha la pili, umebaki robo. Hakuna hata mmoja aliyezungumza mambo mengine. Kilikuwa kitu cha kustaajabisha kuona mlima ule wa jiwe ukiisha kwa kisu kile, na wote watatu waliogopa kukitaja wasije wakakitia mkosi.

Mstari ulipobaki kipande kama ukucha, mzee aliacha kuchoma ghafla.

"Nichukue nyundo nimalizie."

"Baba, hapana."

"Pigo moja tu. Litakufa kabla halijarudisha."

"Na likirudisha kwanza?"

Mzee alikwisha kufungua begi, na nyundo ilikuwa pale inang'aa, kidole chake kiko juu ya kitufe. Siku nzima ya kazi, na pengine siku yenyewe ya mwisho ambayo macho yake yangeweza kuifanya kazi hiyo, ilining'inia kwenye kidole hicho. Binti alishika pumzi. Mama alifumba macho.

Begi likafungwa.

"Nipe ishara," mzee alisema.

"Choma," binti alisema. "Choma. Rudi. Simama. Choma."

Jitu halikuanguka kwa kishindo. Lilipasuka ufa mwembamba kuanzia mguuni, ufa ukapanda, na jiwe lote likamomonyoka likawa mchanga. Nyuma yake lango likafunguka bila sauti.

Mama na binti walipigwa na butwaa. Mji ulijaa kioo kizima, ngazi juu ya ngazi za mawe meupe, madaraja yaliyopita juu ya mito, taa elfu zikielea bila nguzo, na juu ya yote mbingu ya rangi ambayo hawakuwa na jina lake. Binti alimshika baba yake bega, machozi yakimtoka.

"Baba, kuna madaraja, kuna..."

"Usinisimulie," mzee alisema kwa upole. "Nitauona mwenyewe."

Akausogeza uso wa mtu wake taratibu. Kupitia tundu lile dogo aliona daraja moja, akalifuata mpaka mwisho wake. Aliona taa moja, halafu ya jirani yake. Aliona ngazi, akazipanda moja moja. "Naona kisima," alisema. Baada ya muda akasema, "Naona mnara, na ndege ametua juu." Mkewe aliketi sakafuni karibu na miguu yake, na kila alichokitaja alikitafuta kwenye kioo mpaka akakipata. Mzee alipita mtaa kwa mtaa, paa kwa paa, hakuruka hata ukuta mtupu.

"Naona dirisha," alisema. "Ndani yake kuna mwanamke anamchana mtoto nywele."

"Yuko wapi?" binti aliuliza. "Mimi sikumwona."

"Mimi pia sikumwona," mama alisema.

Mzee aliwaonyesha kwa kidole. Walikuwa wameuona mji wote kwa mpigo mmoja na mwanamke huyo amewapita. Mzee akaendelea, kipande baada ya kipande, hadi jua lilipotoka dirishani na mji ukawa hauna pembe aliyoiacha. Ndipo alipoiweka pedi chini.

"Umeuona?" mkewe alimuuliza.

"Wote," mzee alijibu. "Sasa macho hata yakifunga, yafunge."

Kweli, bandu bandu huisha gogo.