Ngao ya Ukoo wa Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, Ndovu alitundika ngao ya ukoo wake juu ya mlango. Ilichorwa pembe mbili, ya baba na ya mama, na kati yake jani la mkunazi. Jani lile lilikuwa la kumkumbuka bibi yao, aliyeulisha ukoo mzima kwa majani mwaka wa njaa.

Siku moja Nguchiro akapita. Akaitazama ngao, akaangua kicheko.

"Kwi kwi kwi! Bwana Ndovu, na ukubwa wote huo, alama yako ni jani?"

"Ni jani la bibi yangu."

"Simba ana makucha. Chui ana meno. Wewe una mboga!"

Ndovu akaona haya. Mkewe akasema, "Mume wangu, usimsikilize huyo. Ndugu zetu wanatujua kwa jani hilo."

"Nyamaza, mama watoto! Nguchiro, nichoree makucha na moto."

Nguchiro akachora ngao mpya, ya kutisha kwelikweli. "Na hii kuukuu?"

"Itupe!"

Nguchiro akaibeba, huyooo!

Kiangazi kikaja, kikali. Shangazi yake Ndovu, ajuza wa watu, akatoka mbali na mzigo wa miwa awaletee wajukuu. Akafika penye makucha na moto.

"Lahaula! Simba wamehamia hapa!"

Akageuka upesi. Mbele kidogo akaiona ngao ya jani. "Hodi!"

"Karibu, shangazi," Nguchiro akaitikia, amejinunisha. "Ndovu amehama, wala hakusema aendako. Ngao kaniachia mimi. Tua mzigo, akirudi nitampa."

Shangazi akautua, pu! Akarudi kwake akilia.

Siku kadhaa baadaye, Tumbili, aliyeyaona yote, akampasha Ndovu habari. Ndovu akaja mbio, gidi! gidi!

"Mwizi we! Si nilikwambia uitupe?"

"Nimeitupa, bwana," Nguchiro akajibu toka shimoni, akitafuna muwa. "Nimeitupa mlangoni kwangu."

Ndovu akamwacha, akamfuata shangazi yake. Akawakuta watu wanatoka kumzika; safari ya kiangazi na majonzi vilikuwa vimemmaliza ajuza.

"Alikuwa akiuliza tu," wakamwambia. "'Mwanangu kahamia wapi? Kwa nini hakuniaga?'"

Ndovu akalia mpaka sauti ikamkauka.

Basi, wanangu, anayeonea haya asili yake huwapoteza walio wake.